Nani hupanga bajeti ya kijiji? Kitui, Makueni na miaka mia ya kuitwa barazani

Uzi mrefu kidogo leo, kwa hivyo tafuta kiti na chai. Kama kawaida ya ukurasa huu, hatutaji jina la mwanasiasa wala chama. Tunaeleza kitu chenyewe, halafu mbishane mkiwa mnajua mnabishania nini.

Kila msimu wa bajeti mabishano ni yale yale. Mmoja anasema ushirikishaji wa umma ni mandazi na nauli, watu wanatia sahihi wanarudi nyumbani. Mwingine anajibu: kwani tulichagua MCA wa nini, kama bado tunaitwa wenyewe kupanga bajeti? Wa tatu anaingia na ile ya "mbona Makueni wanaweza?" Hapo mtu wa Kitui anakasirika, na mjadala wa pesa unageuka kuwa ugomvi wa majirani.

Maswali haya hayakuanza na ugatuzi wa 2013. Ukambani watu wameitwa vikaoni kuambiwa habari za pesa zao kwa karibu miaka mia moja. Kilichokuwa kikibadilika ni nani ana neno la mwisho.

Tuanzie mbali.

Kabla ya ukoloni Wakamba hawakuwa na mfalme wala chifu mkuu. Maisha yalizunguka utui, ule ujirani wa maboma kadhaa, na mambo mazito yaliamuliwa na wazee kwenye nzama. Bajeti haikuwepo, lakini kazi ya pamoja ilikuwepo: mwethya. Unajenga au unalima, majirani wanakuja, unawapikia, na zamu yao ikifika unaenda. Ukikwepa mara mbili tatu, siku yako ikifika unajikuta peke yako na jembe lako. Shikilia neno hilo, mwethya, maana litarudi.

Kodi ya nyumba ililetwa 1901, kodi ya kichwa ikafuata 1910. Sasa pesa ilikuwa inatoka kijijini kila mwaka na swali likazaliwa lenyewe: inaenda wapi? Jibu la serikali lilikuwa sheria ya 1924 iliyoanzisha mabaraza ya wenyeji, yale yaliyoitwa LNC. Kitui ikapata lake na Machakos likapata lake (Makueni ya leo wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos, na haikuwa wilaya peke yake hadi 1992).

Baraza la LNC liliruhusiwa kutoza ushuru wake juu ya kodi ya serikali na kuutumia kwa shule, zahanati na barabara. Mwenyekiti alikuwa DC, Mzungu. Makadirio ya matumizi hayakuwa na nguvu mpaka wakubwa wake wayakubali. Wajumbe wangeweza kusema siku nzima. Kuamua, hapana.

Lakini tusiwadharau. Humo ndimo watu wa kawaida wa Ukambani walianza kusikia pesa ya umma ikisomwa fungu kwa fungu, na kuuliza kwa nini fungu hili ni dogo na lile ni kubwa. Mtu akishasomewa makadirio mara moja, hawezi tena kuambiwa hayamhusu.

Sasa 1938. Kama kuna mwaka mmoja wa kukumbuka kwenye uzi huu, ni huo.

Serikali ilikuwa imeshaamua kwamba ng'ombe wa Machakos ni wengi kuliko malisho, na kwamba mmomonyoko wa udongo hautaisha mpaka wapunguzwe. Kuhusu udongo haikuwa uongo, ardhi ilikuwa imechoka kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza wenye ng'ombe. Wataalamu walikadiria idadi, kila eneo likapewa kiwango, na mifugo iliyozidi ikachukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Mwaka huo huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Watu wakajumlisha wenyewe.

Kwa Mkamba ng'ombe hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari, akiba, na bima ya mwaka wa njaa. Kumpunguzia mtu mifugo bila kumuuliza ni kumfungia akaunti ya benki na kumwambia ni kwa faida yake.

Mwezi Julai wakaamka wakaenda Nairobi. Maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wengi kwa miguu. Hawakwenda kupigana. Walikaa huko wiki kadhaa wakidai kitu kimoja: kumwona gavana ana kwa ana. Gavana hakutaka kuwaona Nairobi, ila mwishowe alikwenda Machakos kufanya baraza nao. Kiongozi wao alikamatwa akapelekwa kuishi Lamu kwa lazima. Lakini kabla ya mwaka kwisha, upunguzaji wa mifugo kwa lazima ulikuwa umesitishwa.

Angalia walichodai. Ng'ombe, ndiyo, lakini pia kusikilizwa na mwenye uwezo wa kubadilisha uamuzi, badala ya karani wake. Kila anayelalamika leo kwamba mkutano wa bajeti uliletewa afisa mdogo asiyeweza kujibu swali analalamikia jambo lile lile.

Baada ya vita vya pili serikali ilirudi na mpango mwingine: matuta ya kuzuia udongo. Safari hii ililazimisha kazi, siku kadhaa kila wiki, na ikaiita kazi hiyo kwa jina la mwethya. Watu waliichukia. Matuta yalichimbwa vibaya, yakabomoka mvua ya kwanza. Miaka ya hamsini mambo yakabadilika kidogo. Vikundi vya mwethya vikaachiwa kuchagua viongozi wao, na wakulima wakaruhusiwa kuchagua aina ya matuta: wakachagua yale mapana, yanayohifadhi maji na kufaa kwa mazao. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Matuta yakasambaa kiasi kwamba ukipita leo milima ya Mbooni au Kilungu unayaona tu, ngazi juu ya ngazi. Watafiti walioisoma Machakos na kuchapisha kitabu mwaka 1994 walikuta ardhi ina watu wengi zaidi kuliko miaka ya thelathini na udongo unaoteremka ni mchache zaidi.

Milima ilikuwa ile ile na watu walikuwa wale wale. Tofauti ilikuwa nani amechagua.

Uhuru ukaja 1963 na mabaraza ya kaunti. Hili vijana wengi hawalijui: tuliwahi kuwa na kaunti zinazoendesha shule za msingi, afya na barabara, zikiwa na kodi yake ya kuzilipia. Hazikudumu. Nyingi ziliishiwa pesa, kodi ikawa haikusanywi vizuri, walimu wakakaa bila mishahara. Sheria ikapitishwa 1969, na kuanzia Januari 1970 elimu ya msingi, afya na barabara zikahamishiwa serikali kuu, pamoja na kodi yenyewe. Mabaraza yalibaki na masoko, vichinjio na vibali. Jina lilibaki kaunti, mfuko ukaenda Nairobi.

Ni vizuri kukumbuka sababu zilikuwa mbili. Ndiyo, serikali kuu ilitaka mamlaka. Lakini pia mabaraza yalikuwa yameshindwa kulipa mishahara, na mwananchi hakusimama kuyatetea, kwa sababu hakuona kama ni yake.

Pengo hilo likajazwa na harambee. Shule nyingi za Ukambani zilisimama hivyo: mawe ya mwethya, mchanga wa mtoni, mabati ya mchango. Ilikuwa bajeti ya watu kwa maana ya kweli, na ilikuwa na ubaya wake. Chifu akiamua mchango ni lazima, kuku wa mama mjane anashikwa kama ushuru. Halafu mgeni wa heshima anakuja na bahasha, na shule iliyojengwa na watu mia tatu inaitwa ya mtu mmoja. Tabia hiyo bado tunayo.

Mwaka 1983 likaja wazo la kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo. Kila wilaya ikawa na kamati ya maendeleo chini ya DC, na kamati ndogo hadi kata. Kijiji kingependekeza, kata ingepeleka, wilaya ingepanga. Kwenye karatasi inafanana sana na tunayoyaona leo. Tofauti ni kwamba pesa ilikaa Nairobi na DC hakuwa amechaguliwa na mtu yeyote wa wilaya ile. Orodha zilipanda mlimani, majibu hayakuteremka.

Miaka ya mwisho ya tisini nitaipita haraka. Sheria ya 1998 iliyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, ule mfuko wa LATF, na kuanzia 2001 ili kupata pesa yote baraza lililazimika kuonyesha limekaa na wananchi likapanga miradi. Mwaka 2003 ukaja CDF, asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, kupitia maeneo bunge. CDF ilijenga madarasa na zahanati zinazoonekana. Pia ilitufundisha kwamba mtunga sheria ndiye anayeleta maendeleo. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikuwa kinyume cha katiba, kwa sababu anayetunga sheria na kusimamia matumizi hawezi tena kuwa ndani ya matumizi yenyewe. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "fungu la wadi ni la MCA," hapo ndipo shida ilipo. MCA anapitisha bajeti na anachunguza ilivyotumika. Pesa si yake kugawa.

Sasa katiba ya Agosti 27, 2010.

Kifungu cha 201 kinasema mambo ya pesa za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 196 kinalibebesha bunge la kaunti wajibu huo huo. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote kwa jumla zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Halafu sheria mbili za 2012, ya serikali za kaunti na ya usimamizi wa fedha za umma, zikaweka tarehe na hatua.

Watu waliona ni maneno mazuri tu mpaka Aprili 2014, Mahakama Kuu ilipobatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Hapo kaunti zote 47 zilishtuka. Tangazo dogo kwenye gazeti lisilofika kijijini si ushirikishaji. Na hapo pia ndipo ule ugonjwa wa orodha ya mahudhurio ulipoanza kukomaa: baadhi ya maafisa walielewa somo kuwa ni "tupate sahihi za kupeleka kortini."

Turudi Ukambani, kwenye mwaka huo huo wa 2014.

Watu wakisema Makueni ni mfano wa kuigwa, wanasahau Makueni ilianzaje. Ilianza kwa vita. Serikali ya kaunti na bunge lake waligombana kuhusu bajeti karibu tangu siku ya kwanza: nani apate kiasi gani, nani ana haki ya kubadilisha fungu gani. Miradi ikakwama. Septemba 2014 ugomvi ukafika mahali pabaya, risasi zikapigwa Wote, makao makuu ya kaunti, na watu kadhaa wakajeruhiwa.

Wananchi wakafanya jambo ambalo hakuna kaunti nyingine ilikuwa imelifanya. Wakakusanya sahihi, zaidi ya 50,000, wakiomba kaunti yao ivunjwe kwa kifungu cha 192 ili wachague upya kila mtu, juu hadi chini. Tume ikaundwa 2015, ikaketi, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Septemba mwaka huo rais wa wakati huo akakataa, akawaambia viongozi wakae pamoja wamalize muda wao.

Kuna wanaosema zile sahihi zilipotea bure. Sikubaliani nao. Baada ya hapo kila kiongozi wa Makueni alijua kuna watu elfu hamsini walio tayari kumfukuza pamoja na wenzake wote kwa sababu ya bajeti. Mfumo wa ushirikishaji unaosifiwa leo ulijengwa ndani ya miaka ile ile ya vurugu. Ulijengwa na watu waliokwishaona mlango wa kutokea.

Mfumo wenyewe uko hivi. Makueni ina wadi 30. Sheria ya kaunti inaanza na wadi na vijiji vikubwa vya utawala, lakini Makueni ikashuka chini zaidi: wadi ndogo 60, chini yake makundi ya vijiji 377, chini kabisa vijiji zaidi ya 3,600. Kwa wakazi 987,653 wa sensa ya 2019, kijiji kimoja ni kama watu 270. Hiyo ni karibu na utui wa zamani: watu wanaojuana kwa majina, wanaojua nani ana ng'ombe na nani ana deni.

Kijiji kinakaa, kinataja shida zake. Kundi la vijiji linachambua. Wadi ndogo inapunguza, wadi inapanga kwa kipaumbele, orodha inapanda hadi kaunti. Kamati za watu 11 zilizochaguliwa na wenyewe ndizo zinazobeba mambo kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mradi ukipitishwa, wanaouzunguka wanachagua kamati ya mradi, na mwanakandarasi halipwi mpaka kamati hiyo iseme kazi imefanywa.

Hilo la mwisho ndilo lenye meno. Mkutano wa kupendekeza ni rahisi, hata 1983 ulikuwepo. Lakini mama anayechota maji kwenye silanga akiwa na uwezo wa kukataa kutia sahihi kwa sababu ukuta una ufa, hapo mambo yamebadilika. Anajua ukuta ule kuliko mhandisi aliyekuja mara mbili na gari la serikali.

Sasa hesabu ya haraka, maana kuna matumaini mengine lazima tuyapunguze. Mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Makueni kutoka taifa ulikuwa kama shilingi bilioni 8.1. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Asilimia 30 ya mgao huo ni kama bilioni 2.4. Gawa kwa vijiji 3,600 na kitu: kila kijiji kinapata karibu laki sita na nusu. Hiyo haichimbi kisima kirefu, haimalizi hata zahanati ndogo. Ndiyo maana vijiji vinalazimika kuachiana zamu: mwaka huu maji ya upande ule, mwaka ujao barabara ya huku. Ni mwethya tena, safari hii kwa shilingi. Na kama mwethya, inavunjika siku kijiji kimoja kikigundua zamu yake imerukwa mara tatu.

Na ile asilimia 70 nyingine? Mishahara, dawa, mafuta ya magari, marupurupu ya vikao. Ni nadra kuletwa kijijini ijadiliwe. Watu wanaitwa kuchagua kati ya kisima na daraja, lakini hawaitwi kuuliza kwa nini hospitali haina dawa ilhali fungu la dawa lipo. Hapo hata Makueni bado ina kazi. Ilipoanzisha mpango wake wa afya 2016, shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, watu walianza kuuliza maswali ya dawa kwa sababu walikuwa wamelipia.

Basi Kitui. Ile "mbona Makueni wanaweza" ni swali la haki, ila lina shimo la kijiografia.

Makueni ni kama kilomita za mraba 8,000. Kitui ni zaidi ya 30,000, ingawa sehemu kubwa ya kusini iko ndani ya hifadhi ya Tsavo. Kitui ina watu 1,136,187 kwa sensa ya 2019 na wadi 40. Kwa wastani wadi moja ya Kitui ni pana karibu mara tatu ya wadi ya Makueni. Mtu wa Mutha au Ngomeni akiitwa mkutano wa wadi anaweza kupoteza siku nzima na nauli ambayo ingenunua unga wa wiki. Halafu anafika, mkutano umeanza saa nne au haujaanza saa saba.

Kitui ilifuata sheria ya 2012 ilivyoandikwa: ikajigawa vijiji 247, kila kimoja na msimamizi wake na baraza la wazee. Ni hatua nzuri, na kaunti nyingi hazikufika hata hapo. Lakini gawa watu kwa vijiji: kama 4,600 kwa kila kijiji. Hicho kwa Mkamba wa kawaida ni karibu kata ya zamani ya chifu. Msimamizi ameajiriwa na kaunti, mshahara wake unatoka Kitui mjini, na hata akiwa mtu mwema sana, si sawa na mtu aliyechaguliwa na majirani 270 wanaoweza kumwendea mlangoni. Kwa hivyo neno "kijiji" kwenye kaunti hizi mbili halina maana moja. Mkilinganisha, linganisheni mkijua hilo.

Na Kitui ina historia yake ambayo Makueni haina budi kuisoma pia. Tangu miaka ya tisini jamii za Kitui zimejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu, mamia yao, wenyewe wakileta mawe, mchanga na mikono, shirika likileta saruji na ufundi. Kabla ya kujenga, watu walikaa wakakubaliana mto upi, nani atalinda, nani asichimbe mchanga. Hakuna aliyeita hiyo bajeti shirikishi, wala haikuhitaji semina ya hotelini.

Kabla sijasahau: wazo hili la wananchi kupanga bajeti linatajwa sana kwamba lilizaliwa Porto Alegre, Brazil, 1989. Kama sera ya mji, sawa. Kama tabia, ni kongwe sana Mbooni.

Sasa kwa nini bado watu wanasema ni mandazi tu? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni tarehe.

Sheria ya fedha inasema mpango wa maendeleo wa mwaka upelekwe bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi, ile inayoweka kiwango cha juu cha kila idara, kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Bunge lipitishe kabla ya Juni 30, mwaka mpya uanze Julai 1.

Wengi wetu tunajitokeza Aprili au Mei, tukiona tangazo. Wakati huo miradi ilishaandikwa tangu Agosti, na viwango vikafungwa Februari. Bunge lenyewe likitaka kuongeza fungu moja lazima lipunguze jingine, na lisitoke nje ya karatasi ya Februari. Ugali umeshasongwa, wewe unaitwa uonje kama una moto. Mkutano unaofaa kujaa ni ule wa Julai na Agosti, na ule wa Januari na Februari. Lakini Agosti ni kiangazi na akina mama wako njiani na mitungi. Januari na Februari watu wanavuna ndengu. Anayepanga ratiba ofisini ana haki ya kuyajua haya, na ana wajibu.

Sababu ya pili ni lugha. Vitabu vya bajeti vinaletwa kwa Kiingereza cha wahasibu, kurasa mia kadhaa, asubuhi ya mkutano. Ukimpa mzee wa Kyuso kitabu hicho saa nne na kumwomba maoni saa tano, umemwomba sahihi tu.

Ya tatu ni kwamba hata mpango mzuri unakutana na Nairobi. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi kuhusu fomula mpya ya kugawa pesa, na kaunti zikangoja. Pesa inayotakiwa Oktoba inafika Machi, kamati ya mradi imeshachaguliwa na inaulizwa kila siku sokoni mradi uko wapi. Kamati inaonekana waongo kwa kosa lisilo lao.

Na lile swali la MCA. Kura unampigia mara moja kwa miaka mitano, bajeti inapangwa kila mwaka. Mwaka 1970 mabaraza yalipokonywa kazi na hakuna kijiji kilichoandamana, ingawa madiwani walikuwa wamechaguliwa kwa kura. Mwaka 1938 hapakuwa na kura kabisa, na watu walitembea hadi Nairobi. Kura na kikao hufanya kazi mbili tofauti. Sheria haisemi maoni yako lazima yakubaliwe. Inasema lazima yasikike yakiwa bado yanaweza kubadilisha kitu, na uambiwe yalifikia wapi.

Kwa hivyo mkienda mkutanoni mwaka huu, Kitui au Makueni, ombeni kwanza orodha ya mwaka jana ya wadi yenu. Isomwe kwa sauti, kwa Kikamba kama ndicho watu wanachoelewa: uliokamilika, uliokwama, ulioandikwa ukapotea, na fungu la kila mmoja. Orodha hiyo ni ya umma na hakuna afisa anayeweza kusema ni siri. Mkiambiwa haiko, andikeni hivyo kwenye fomu ya maoni kabla ya kutia sahihi. Vifungu vya 88 na 89 vya sheria ya serikali za kaunti vinampa kila mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa kaunti na kujibiwa. Hamhitaji sahihi elfu hamsini, moja inatosha kuanza.

Wiki ijayo, tukijaliwa: kwa nini pesa ya kaunti hupenda kufika Juni.